Kujifunza Upya Kujificha

Mwaka ule mke wangu alipougua, nilikuwa nimeajiriwa na mtu aliyekuwa akiwatia kuku homa kwa makusudi.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi waliniuliza wakati ule na wachache waliridhika na jibu. Karibu na Mlowo palikuwa na shamba la zamani la kahawa lililokuwa limechukuliwa na serikali, na ndani yake nyumba ya mawe iliyokaa tupu. Akaja pale msomi mmoja, Mtanzania mwenzetu kutoka mkoa mwingine, mwembamba, mpole wa sauti. Alikuwa amekwisha kupata shahada yake ya udaktari ng'ambo, na sasa alikuwa amepewa miaka michache aonyeshe kwamba anaweza kufanya utafiti wake mwenyewe bila mwalimu wa kumsimamia. Utafiti wake ulihusu ubongo wa ndege. Alitaka kujua, mwili unapovimba kwa ndani na kuwaka joto, kama unavyofanya tukiugua, akili inapatwa na nini. Alichagua kuku kwa sababu kuku wanapatikana.

Aliniita nimtengenezee vizimba, kwa kuwa mimi ni seremala. Nilipomaliza vizimba akataka meza, baada ya meza akataka rafu, kisha akaniuliza kama najua kusoma Kiingereza. Nikamwambia nasoma kwa kamusi. Shule niliiacha darasa la nne. Mengine niliyapata kwenye vitabu chakavu nilivyokuwa nikivikusanya popote nilipovikuta, na kwenye masomo ya posta.

"Kamusi inatosha," akasema. "Mimi mwenyewe bado naitumia."

Nikabaki.

Kazi ilikwenda hivi. Tulipanga makopo kwa mstari, kila moja limefunikwa kwa kifuniko cha rangi yake, na punje za mahindi ziliwekwa chini ya kifuniko chekundu tu. Kuku mgeni alidonoa huku na huku mpaka akabahatika. Baada ya siku nyingi za kurudiarudia alikwenda moja kwa moja kwenye nyekundu, hata tukihamisha kopo. Hapo tulisema amejifunza. Ndipo daktari alipomchoma sindano yenye vijidudu vilivyokwisha kufa kwa kuchemshwa. Havikuweza kuleta ugonjwa, lakini mwili wa kuku haukujua hilo. Ulipandisha joto, kuku akajikunja pembeni na manyoya yamesimama, macho nusu. Joto likishuka na akianza kula, tulimrudisha kwenye makopo. Wengine walikwenda kwenye nyekundu kama kwamba hapakuwa na lililotokea. Wengine walisimama mbele ya makopo kama watu walioshushwa kwenye stesheni wasiyoijua. Siku iliyopangwa ikifika, wote walichinjwa, ubongo ukatolewa na kutiwa ndani ya chupa ya dawa ya kuhifadhia, tayari kupelekwa chuo kikuu kukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini.

Watu waliposikia neno daktari walikuja na meno yao na migongo yao. Bibi mmoja alitembea kutoka Nanyala na mguu uliovimba.

"Mama, mimi ni daktari wa ndege," yule msomi akamwambia.

"Basi nitazame kama ndege," bibi akajibu, akaketi na kunyoosha mguu.

Na Tunduma, nilikokwenda kununua wavu wa vizimba, mfanyabiashara aliyeniuzia, mtu wa pwani mwenye kofia ya kufumwa, alinihoji kwa makini.

"Anawachoma sindano kuku wazima ili waugue?"

"Ndiyo."

"Wakipona?"

"Anawachinja."

Alipima wavu kwa mkono, akakata. "Fundi, hata shemeji zangu hawana roho hiyo."

Nilicheka. Wakati ule niliweza kucheka, kwa sababu ilikuwa habari ya kuku.

Mke wangu alishikwa na homa mvua zikiwa bado nzito. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, lori likatusaidia kufika hospitali ya misheni. Mganga wa pale, mzee asiyependa maneno mengi, alitoka wodini akaniambia, "Homa imepanda kichwani. Ubongo umevimba. Nadhani ataamka. Atakavyoamka, sijui." Nilitambua maneno yale. Yalikuwa maneno ya kazini kwangu, nikayasikia kwa mara ya kwanza yakisemwa juu ya mtu.

Aliamka. Kicheko chake kilikuwa kilekile, na mikono yake ilijua kazi zake. Alisuka ukindu, alipepeta mahindi, alimfunga mtoto mdogo mgongoni bila kutazama. Lakini kisima hakukijua. Shamba letu hakulijua. Watoto wetu watatu aliwajua kwa sura, ila aliwaita yeyote kwa jina la yeyote. Ukimsahihisha alisema "ahaa" kwa upole, na baada ya muda mfupi alirudia kosa lile lile. Nilikaa nikitazama kipi kimebaki na kipi kimeondoka, nikitafuta mpangilio, na mpangilio sikuuona.

Yote hayo jamaa zangu waliyavumilia. Kisichovumilika kilitokea Jumapili moja watu wakitoka kanisani.

Sisi ni Wandali. Baba yangu alishuka kutoka milima ya Ileje akiwa kijana, akaja kulima kahawa Mbozi, na mke wangu nilimfuata kulekule juu. Kwetu mke hakutani na baba wa mume wake. Hamtazami, hamsemeshi, hapiti mbele yake. Akimsikia anakuja anaacha njia, anainama na kujifunika mpaka apite. Naye mzee kwa upande wake anakohoa kabla ya kutoka nje, ili mkwewe apate nafasi. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima ya pande mbili, na mwanamke anayeijua vizuri anasifiwa nayo kuliko anavyosifiwa kwa mapishi. Zamani haikuwa kazi kubwa. Nyumba ya baba ilikuwa ng'ambo ya kijito, njia yake ikienda huku na ya mke wangu ikienda kule. Kisha tukahamishiwa kijijini, kando ya barabara kuu, nyumba zikapangwa kwa mistari iliyonyooshwa kwa kamba, na nyumba tuliyogawiwa ikatazamana na ya baba, mlango kwa mlango. Miaka yote ile mke wangu aliishi akisikiliza kikohozi. Hakuwahi kukosea.

Jumapili ile baba alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, kofia gotini. Mke wangu alitoka na kata ya maji. Akavuka njia mbele ya watu wote, akapiga magoti, akampa maji, akamtazama usoni na kumuuliza, "Umelalaje, baba?"

Kila aliyekuwa njiani alilisikia neno lile. Dada yake baba, shangazi yangu, aliyekuwa anaishi naye tangu mama yangu afariki, alipiga ukelele kama ameona moto. Baba aliinuka, akageuka, akaingia ndani. Kofia ilianguka akaiacha chini. Mke wangu alibaki amepiga magoti na ile kata, anatutazama mmoja mmoja ajue amevunja nini.

Jioni ileile shangazi alikuja kwangu. Hakuketi.

"Huyu akaugulie kwao."

"Shangazi, amepona."

"Amepona nini? Mwanamke aliyesahau hilo amebakiwa na nini? Nimekwisha kutuma neno kwa kaka yake. Mavuno yakiisha atakuja kumchukua."

Kuugulia kwao ni jambo la kawaida, na husemwa kwa maneno laini. Mwanamke anayeugua muda mrefu anarudishwa kwa ndugu zake, watoto wakabaki upande wa baba yao. Niliwajua walioondoka hivyo. Sikumjua hata mmoja aliyerudi.

Siku iliyofuata kazini nilisubiri daktari aoshe mikono, nikamuuliza, "Wale kuku wanaosahau, wakiachwa, wanakumbuka?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nawachinja wote siku ile ile, fundi, umeona mwenyewe. Nikiwaacha uvimbe unakwisha, na kwenye darubini sitaona kitu." Alikausha vidole kimoja kimoja. "Hilo swali nimejiuliza mara nyingi. Ila si swali nililotumwa kulijibu." Kisha akanitazama. "Nani anaumwa?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, habari za kata ya maji na za shangazi, bila kutabasamu hata pale ambapo mtu wa mkoa mwingine angeweza kutabasamu.

"Kuku si mkeo," akasema. "Ukiwabebesha kuku mzigo wa mkeo, wataanguka wote. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Lakini wale wa kizimba cha mwisho sitawachinja. Nitaandika kwamba nimewaacha, na kwa nini."

Wale wa kizimba cha mwisho walikuwa miongoni mwa waliosahau kabisa. Tuliwaacha wakapumzika mpaka wakawa na afya na kelele zao, kisha tukawarudisha kwenye makopo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya daktari nikiwa nimeshika ukingo wa meza niliyoitengeneza mwenyewe. Yule wa kwanza akadonoa kifuniko cha buluu. Akadonoa cha kijani. Akazunguka. Tulirudia siku hiyo na siku nyingine nyingi. Kidogo kidogo wakaanza kwenda kwenye nyekundu, isipokuwa mmoja, mweupe, ambaye hakufika huko kamwe, na aliendelea kudonoa chochote kilichokuwa karibu naye.

"Wamekumbuka!" nikasema.

Daktari alitikisa kichwa. "Kuku anayekumbuka angefika haraka kuliko mgeni. Hawa wamechukua muda ule ule wa mgeni. Hawajakumbuka kitu. Wamejifunza upya."

Nililala na maneno yale. Alinipa kwa tahadhari, pamoja na yule mweupe, lakini mimi nilichukua nusu yake tu na kuondoka nayo. Nilijiambia kwamba kama kilichopotea hakirudi lakini kinaweza kufundishwa, basi kazi iliyokuwepo ni ya kufundisha, na kazi yenye hatua naiweza.

Adabu ile mume hamfundishi mke wake. Bibi arusi hufundishwa na shangazi wa mume. Kwa hiyo nilikwenda kwa mtu yuleyule aliyetaka aondoke.

"Nimfunde tena?" Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama wa watoto watatu, nimfunde kama mwali? Watu watasema na mimi homa imenipanda."

"Mfunde ndani ya uwa. Hakuna atakayeona."

"Kijiji hiki cha mistari? Ukipiga chafya nyumba ya kwanza, ya mwisho wanakuombea afya."

"Shangazi, ukimfundisha akajua, utasema nini tena?"

Aliacha kucheka. Alikuwa mwanamke wa haki kwa namna yake, na aliwahi kumpenda mke wangu. "Nikimfundisha akajua," akasema, "sitasema kitu."

Alimfundisha nyuma ya nyumba yangu. Alichukua kofia ya baba akaivika juu ya fimbo, akawa anaitembeza kandokando ya uwa, anakohoa kikohozi cha kaka yake vizuri kiasi cha kunishtua. Kila kofia ilipotokea, mke wangu alitakiwa kuacha alichoshika, kugeuka, kuinama, kujifunika. Siku za kwanza alicheka.

"Shangazi, kofia inatembea!"

"Inama!"

"Inakuja kula?"

"Nimesema inama, mwanamke!" Na fimbo ikapigwa chini, kofia ikaruka.

Baadaye hakucheka tena. Alijifunza. Alianza kuinama kofia ikiwa bado mbali, kisha kwa kikohozi tu. Shangazi alimwambia baba, na baba akarudia desturi yake ya kukohoa mlangoni, na mke wangu akawa anatoweka nyuma ya jiko kama zamani. Majirani waliona. Shangazi alitembea amenyoosha shingo.

Mimi nami nilifurahi, na nilimpelekea daktari habari. Aliuliza swali moja tu. "Anamkimbia baba yako, au anakimbia kofia?"

Sikulipenda swali lile. Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa kijiji alikuja kunihimiza kuhusu zamu ya shamba la pamoja. Alikuwa mtu mzima, kifua kibovu cha kukohoakohoa, na alivaa kofia. Mke wangu aliacha sufuria jikoni akakimbilia migombani, akalala kifudifudi na khanga kichwani. Mwenyekiti alinigeukia.

"Unampiga, fundi?"

"Hapana."

"Mbona amelala chini?"

Nilimweleza. Aliondoka bila kuamini, na akikutana nami baada ya hapo alinisalimia kwa ufupi.

Mchana mmoja tukichambua maharage mke wangu alinigeukia.

"Baba watoto. Yule mzee alinifanya nini?"

"Hakukufanya kitu."

"Mimi nilimfanya nini?"

"Wala wewe. Ni heshima. Yeye ni baba yangu, wewe ni mke wangu. Unamheshimu kwa kutomkaribia, naye vilevile."

Nilieleza vizuri, kwa mpango, tangu asili ya jambo mpaka leo. Alinisikiliza kama watu wanavyosikiliza redio ikisoma habari za nchi ya mbali. Nilipomaliza akasema "ahaa," na akaendelea na maharage. Mara baba akakohoa ng'ambo ya njia, na uteo wa maharage ukamwagika akikimbia.

Kaka mkubwa wa mke wangu alifika mavuno yalipokwisha. Alishuka Ileje kwa miguu mpaka Mpemba, akapata lori, akaja na mfuko wa viazi begani na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu mnene wa utani.

"Shemeji, nimeambiwa nije kubeba mzigo. Uko wapi?"

Shangazi alimjibu kabla yangu. "Hakuna mzigo. Amepona. Kaa uone." Akampa ishara baba, na baba, ambaye hakupenda mambo ya maonyesho, alikohoa ndani na kuchungulia mlangoni. Mke wangu aliinama palepale, akajifunika, mzuri kama picha. Shangazi alimgeukia mgeni. "Umeona? Bibi arusi."

"Nimeona," shemeji akasema. Hakuwa anacheka. "Basi sina cha kubeba. Mwenyewe anasemaje?"

"Mgonjwa haulizwi," shangazi akasema.

"Si umesema amepona?"

Alichuchumaa mbele ya dada yake, akaifungua ile khanga usoni kwa vidole viwili. "Mdogo wangu. Unabaki au unakuja?"

Mke wangu alinitazama. Nilijitahidi uso wangu usiseme kitu, maana nilitaka sana aseme jambo moja na nilijua angeweza kulisoma. Akamrudia kaka yake.

"Nyumbani kuna wazee wangapi wa kukimbia?"

Shemeji alifikiri anataniwa, akacheka. "Kwetu? Hakuna. Baba yetu amekwisha kufariki, na hata angekuwepo, binti hamkimbii baba yake."

"Na kofia?"

"Kofia gani?"

"Hakuna kofia?"

"Zipo, zinavaliwa tu."

Alikaa akilipima jambo hilo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali nimwone akipima kitu bila kusubiri mtu amwonyeshe. "Basi twende," akasema, "nikapumzike."

Shangazi aliniangalia mimi. Kwa taratibu zetu ningeweza kukataa, na shemeji asingebishana, kwa kuwa mbele ya mashahidi tulikuwa tumekwisha kusema ni mzima. Nilifungua mdomo nikatae, nikakuta hoja zangu zote zilikuwa za kumbakiza mke wa mtu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kumpumzisha. Nikasema, "Mwache aende."

Walipanda lori asubuhi. Nilimfungia nguo zake, watoto wakamsindikiza hadi barabarani, naye akawaita kwa majina, mawili kati yake yakiwa sahihi. Niliporudi, baba alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, bila kukohoa, maana hapakuwa tena na wa kukoholewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Amekwenda?"

"Amekwenda."

Alitazama mlango wangu. "Siku ile nilikuwa nimeamka na mgongo unaniuma," akasema. "Akaniuliza nimelalaje. Tangu mama yako, hakuna aliyeniuliza hivyo."

"Mbona hukusema, baba?"

"Ningesema kwa nani? Mbele ya dada yangu?" Alipangusa magoti. "Ningesemaje?"

Nikaenda kazini. Daktari alikuwa anafunga chupa zake kwenye masanduku ya kupelekwa chuoni. Hakuniuliza, akanipa nyundo na misumari, tukafanya kazi mpaka mchana.

Mwezi uliofuata nilipanda Ileje kumwona. Nilimkuta kibarazani na wake za kaka zake, wanapukuchua mahindi, anasimulia kitu na wenzake wanacheka. Aliponiona alinyamaza, akainuka, akaniletea maji ya kunawa na kiti, akaniuliza njia ilikuwaje na kama watoto wanakula vizuri. Nilimjibu yote kwa utaratibu. Hakuuliza atarudi lini, na mimi, niliyekuwa nimetembea tangu alfajiri nikilipanga swali hilo, nilikunywa chai yangu nikaanza kuteremka jua likiwa bado juu.